Yule bwana wa faili la kijani leo kanivua unesi mbele ya kina mama. "SIMU HAINA MUHURI"!!

MkungaWaUyole (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika bado nimevaa gauni la kazi na mikono inatetemeka, kwa hiyo mkikuta herufi zimekaa ovyo mtajiju.

Mnamjua. Msijifanye hammjui. Kila mwenye sare nyeupe kuanzia Mbalizi mpaka Chimala anamjua. Yule mkaguzi wa leseni, wa faili la kijani, kalamu tatu mfukoni na hajawahi kuonekana akiandika. Yule ambaye gari lake likikata kona tu pale njia panda, wauza dawa wanashusha mageti na watu wa maabara wanavua makoti na kujipanga foleni kama wagonjwa wa malaria. Huyo huyo.

Leo ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Benchi limejaa, wengine wamekaa kwenye nyasi na vitenge vyao kwa baridi hii ya kwetu. Mimi niko mezani, mtoto wa wiki 6, bomba la chanjo ya penta mkononi, paja nimeshalipangusa, mama yake kageuzia uso ukutani kwa huruma. Mlango ukafunguliwa. Bila hodi. BILA HODI!

Anafungua faili, anashusha kidole kwenye orodha aliyoichapa enzi hizo sijui rais alikuwa nani, anasema jina langu halimo. Nikamwambia mzee, naomba nimalize huyu mtoto. Hataki. Nikamwambia leseni nimehuisha, ada nimelipa, kontrol namba hii hapa yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, risiti hii hapa, leseni yenyewe nimeipakua hii hapa, soma tarehe mzee wangu. Simu nimeinyoosha mpaka imegusa miwani yake.

Akasema: "Simu haina muhuri."

Simu. Haina. Muhuri.

Akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka Igawilo: "Mpaka nione karatasi, wewe hapa ni mtu wa kawaida. Weka sindano chini."

Benchi zima likasimama. Bibi mmoja nyuma huko akadakia, "Ndiyo maana mimi nilishangaa ana mkono mwepesi, manesi wa kweli huwa hawako hivyo." Mama wa mtoto akamnyakua mwanawe mezani, akaniangalia juu mpaka chini: "Dada, kumbe siku zote hizi wewe siyo nesi?" Huyo mama nimemzalisha MIMI. Huyo mtoto anayemkumbatia nilimpokea mimi usiku umeme umekatika, tochi ya simu nimeing'ata kwa meno. Simu hiyo hiyo isiyo na muhuri!

Mtu wa kawaida. Nimekaa chuo miaka, nimefanya mitihani, nimesajiliwa, nimekusanya pointi za CPD (mafunzo ya kujiendeleza kazini) kwenye semina za viti vya plastiki mpaka kiuno kikagoma, nimelipa na ada ambayo nyote mnaijua sina haja ya kuitaja. Halafu naambiwa mtu wa kawaida na bomba liko mkononi. Sikatai leseni. Leseni iwepo, matapeli wapo. Lakini mlango una hodi jamani, hata polisi hupiga hodi.

Inchaji wangu, mkuu wa kituo, alikuwa wapi? Stoo, anahesabu vyandarua. Alihesabu mpaka gari lilipowashwa. Na bwana mkubwa kabla hajaondoka akaulizia kama parachichi za hapo nje zimekomaa. Akafungiwa mfuko!! Na inchaji!!

Simu haina muhuri. Nitakufa nalo hili.

---

Kisu_cha_Tukuyu

Mtu wa kawaida, habari za jioni.

NipoTuNatazama

Nimevuta kigoda. Mwenye karanga apitishe huku.

Mzee_wa_Soweto

Hii chai. Nani anafungua chumba cha chanjo bila hodi? Weka picha ya hilo faili.

MkungaWaUyole

Ningelipiga picha na nini wakati simu haina muhuri?

TabibuMakete

Pole sana dada yangu. Siyo chai, huyo mtu ni kweli na mwezi uliopita alikuwa kwetu huku juu. Alimkuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha mapokezi anaota jua, akamwomba leseni ya kutibu. Mzee wa watu akatoa kitambulisho cha mpiga kura.

Nikuambie kitu: sheria yenu ya uuguzi na ukunga ya mwaka 2010 inataka muuguzi awe na leseni hai, basi. Hayo ya kupaza sauti mbele ya wazazi kayatoa kwao. Ila na nyie manesi mna nafuu, mko wengi na mna baraza lenu moja. Angalia afya nzima ilivyokatwakatwa: maabara wana sheria yao ya 2007, mionzi yao ya 2007, macho yao ya 2007, famasia wao 2011, sisi tumewekwa kapu moja na madaktari na wa meno 2017. Kituo changu kina watumishi wachache tu na kila mmoja anahuisha kwenye mfumo wake, na nywila yake, na anaisahau kwa wakati wake. Mimi ndiye ninayeitwa kuwakumbushia. Leseni yangu mwenyewe nani ananikumbusha?

Kisu_cha_Tukuyu

Tabibu umeanza vizuri ukamalizia kulia wewe.

DktMtarajali

Kuna watu wanalia humu hawajui kulia. Miaka 5 ya udaktari, unamaliza unaambiwa bado, nenda intanship mwaka mzima na usajili wa muda. Unamaliza mwaka unaomba usajili kamili, unalipa. Kisha unaanza kulipa wa kubaki kwenye daftari. Yaani unalipa ili jina lisifutwe! Nyumbani Ileje wanajua nimekuwa daktari, wananipigia niezeke nyumba ya babu. Nawajibu naanza na kuezeka leseni.

Nesi kuitwa mtu wa kawaida ni heshima. Mimi naitwa "kijana wa rotesheni".

MkungaWaUyole

Daktari samahani, uliwahi kuambiwa weka sindano chini na mtoto yuko mezani? Basi tulia. Uzi wangu huu.

Mzanzibari_Iringa

Kamwene wa Iringa wote. Mie nakupa pole mwenzangu, lakini ngoja nami niseme. Nilisajiliwa kwetu Unguja. Nimeolewa huku, nikaja na vyeti vyangu kwenye mkoba nikidhani nesi ni nesi. Kumbe afya si jambo la Muungano, kule baraza lao na huku baraza lao. Nikaanza upya fomu, picha, na malipo. Mume wangu akanambia basi na nyinyi mkioana na sisi wa bara muombe kibali. Nilicheka kwa hasira.

Na huyo bwana wa faili mie simjui, ila hapa Kihesa tuna wa kwetu. Wetu ana begi la kahawia.

MtuWaNCLEX

Niko Houston, Marekani. Huku ndiyo mngelia. Mtihani wa NCLEX, ule wa kupata leseni ya unesi, peke yake dola 200, hapo hujahesabu kupeleka vyeti vikapimwe kama chuo chako kinafanana na vyao. Kila jimbo lina bodi yake na ada yake. Texas nahuisha kila baada ya miaka 2 na lazima niwe na saa 20 za masomo. Kuna mkataba wa majimbo, kwa leseni hii naweza kufanya kazi Arizona bila kuomba tena. Ila California haimo, nikitaka kwenda kule naanza kwenye bodi yao, na wao saa ni 30. Hapo nchi ni moja na rais mmoja.

Mzee_wa_Soweto

Nani kakuuliza mkuu? Tuma hizo dola 200 tunywe supu hapa Mwanjelwa.

MkungaWaUyole

Kaka wa Houston, wakija kukagua huko wanataka muhuri?

MtuWaNCLEX

Hapana dada. Mwajiri anaandika jina mtandaoni, leseni inatokea, iko hai au haiko hai. Miaka niliyokaa huku sijaona muhuri. Mara ya mwisho kuuona ni mtendaji wa kijiji kwetu Rungwe, alikuwa anaufungia kabatini na bunduki ya mgambo.

MkungaWaUyole

Mmeona? MMEONA? Houston simu ina muhuri!

DukaLaDawa_Songea

Naomba na sisi wanyonge tusikike. Mkoa wetu wa Ruvuma ndio ulioanzisha maduka ya dawa muhimu nchi nzima, mwaka 2003, wakati huo kwingine mlikuwa mnauza kwenye duka la dawa baridi kando ya sabuni na vibiriti. Tukafundishwa, tukapakwa rangi, tukapewa kibao. Tulijua tumemaliza. Sasa kibali cha duka kivyake, cheti cha mtoa dawa kivyake, leseni ya biashara kivyake. Mtoa dawa wangu akiolewa anaondoka na cheti chake, mimi nabaki na rafu. Wa kwanza kaolewa Mbinga, wa pili Tunduru. Sasa hivi natafuta mtoa dawa aliyekwisha olewa.

Kisu_cha_Tukuyu

Weka tangazo mkuu: "Awe na cheti, awe ameshaolewa, mume asiwe na mpango wa kuhama."

MwenyeZahanati_Mbozi

Nyie mnalilia karatasi moja moja. Mimi mwenye jengo je? Kuna watu wa moto, watu wa usalama kazini, watu wa taka, watu wa kodi, watu wa kibao cha nje (kibao! cha nje!), na nikileta eksirei kuna watu wa mionzi. Ukutani kwangu nimetundika vyeti mpaka hakuna pa kutundika saa. Wagonjwa wakiniuliza saa ngapi nawaambia soma tarehe.

Na nesi akiwa hana leseni anayefungiwa ni mimi. Kwa hiyo kidogo huyo bwana namwelewa.

MkungaWaUyole

Unamwelewa?? Nilikuwa NAYO leseni! Umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari?

MwenyeZahanati_Mbozi

Nimesoma mpaka kwenye parachichi.

Mganga_Asiyeshindwa

Hata sisi wa tiba asili tuna sheria tangu 2002 na baraza letu. Mizimu ilinipa mikoba usingizini, ofisi ikaniambia nijaze fomu. Ilipofika mahali pa "umejifunza wapi" nikaandika "porini". Huyo bwana wako nipe jina la mama yake tu, mengine niachie.

NipoTuNatazama

Karanga zimeisha. Endeleeni, nakwenda kuongeza.

Mama_Wawili_Iyunga

Samahani, mnabishana na hakuna aliyeuliza: yule mtoto alichanjwa?

MkungaWaUyole

Alichanjwa dada. Na mwenzangu wa zamu. Naye leseni yake iko kwenye simu vilevile, ila simu yake ina kava la ngozi, labda ndiyo muhuri wenyewe. Mimi nimeshinda nje napima uzito. Kila mama anayemning'iniza mtoto kwenye mzani ananiuliza, "Hii nayo unaruhusiwa?"

Boda_Mafiati

Afadhali nyie. Leseni ya udereva ilikuwa miaka 3 kwa 40,000. Mwaka 2019 wakasogeza miaka 5, ada ikawa 70,000. Trafiki pale Kabwe haangalii miaka, anaangalia kama una elfu mbili.

Mzee_wa_Soweto

Huyu naye katokea wapi? Boda kwenye uzi wa manesi?

Boda_Mafiati

Nani anawaleta wajawazito usiku? Au wanakuja na faili la kijani?

TabibuMakete

Hapo umewaweza.

MkungaWaUyole

Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaingia bila hodi, kaniambia weka sindano chini, simu haina muh

Mkulima_Isyonje

Mnalilia muhuri, njooni kwenye viazi mlilie LUMBESA, gunia la kujaza kupita kiasi. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Dalali anakuja na gunia lake, anaweka kilemba juu, anashona kilemba kingine juu ya kilemba, namwambia mzee hiyo imepita, ananiambia hicho ni kifuniko. Kifuniko cha ndoo mbili! Huyo bwana wa faili aje huku shambani afungue kurasa zake, nitamfungia parachichi gari zima.

Kisu_cha_Tukuyu

Kifuniko cha ndoo mbili. Nimeanguka kwenye kiti.

DukaLaDawa_Songea

Kwetu mahindi ni hivyo hivyo, tofauti ni dalali anakuita "baba" kabla ya kukuibia.

MwenyeZahanati_Mbozi

Na kahawa huku Mbozi msiifungue hiyo mada, tutalala hapa.

Mama_Wawili_Iyunga

Mkulima, viazi hivyo ni vya Kikondo au vile vyeupe vya maji? Nataka vya chipsi.

Mkulima_Isyonje

Kikondo mama yangu, havinyonyi mafuta. Njoo inboksi.

MtuWaNCLEX

Huku Houston kiazi kimoja kinauzwa kimefungwa karatasi ya fedha peke yake. Nimekumbuka nyumbani.

MkungaWaUyole

Mkulima unashusha lini Uyole? Niwekee ndoo mbili, ila unipimie wewe mwenyewe, dalali asiguse. Na vya kuchemsha usichanganye na vile vidogo vidogo, mwezi uliopita nimekula mbegu.