Majina kwenye kodi za programu: nyoka au ngamia, nyie mnatumia ipi?

fundi_bugi: Wakuu tupo watatu kwenye projekti moja, mmoja anaandika jina_la_mteja (nyoka), mwingine jinaLaMteja (ngamia), mimi leo hivi kesho vile. Jana nimekesha natafuta erra, kumbe juu nimeweka oda.jumlaKuu halafu chini naisoma oda.jumla_kuu, na JavaScript wala haikulalamika, ikanipa undefined (yaani hakuna thamani), risiti ikatoka imeandikwa NaN (yaani si namba). Tushike ipi?

mzee_wa_indenti: Fuata lugha yenyewe. Python ina PEP 8, mwongozo wake wa mtindo wa kuandika kodi, tangu 2001, fanksheni na vigeu ni nyoka, klasi zinaanza na herufi kubwa. Java na JavaScript ni ngamia. Ukijifanya mbishi kodi yako itakaa kama nguo ya kuazima.

ngamia_daima: Mbona hao hao Python kwenye unittest, maktaba yao ya kupima kodi, wana setUp na assertEqual 😂

mzee_wa_indenti: Ile waliiga JUnit ya Java, sasa wakibadilisha leo kodi za watu kibao zinakufa. Ndo ujue jina baya ukishalitoa nje halirudi.

dada_databesi: Mnaisahau databesi. PostgreSQL jina lisilofungwa kwenye alama za nukuu inaligeuza lote herufi ndogo. Mi nimerithi jedwali lina kolamu "tareheMalipo", aliyelitengeneza aliweka nukuu, basi nikiandika select tareheMalipo naambiwa kolamu tarehemalipo haipo, na mi naiona kwa macho yangu ipo!! Mpaka leo kila kweri (ombi la data) nabeba nukuu. Kwenye databesi ni nyoka, hapo sibishani na mtu.

kompaila_kali: Wenzenu wa Go hatuna huo mjadala, jina likianza na herufi kubwa pakeji nyingine zinaliona, likianza na ndogo linabaki ndani. Sio urembo, ni sheria. Rust nayo ukiita fanksheni kwa ngamia kompaila (programu inayotafsiri kodi) inakupa onyo hapo hapo.

fundi_bugi: Poa, basi databesi nyoka, JavaScript ngamia, kugeuza tunafanya faili moja tu pale data inapoingia, sio kila mtu na lake. Ila swali dogo, ni userId au userID?

kompaila_kali: Go ni userID.

ngamia_daima: Kwenye JavaScript andika userId, si unaona getElementById. Ila usiwaulize walioita kitu XMLHttpRequest, XML kubwa zote, Http kubwa moja, jina hilo hilo moja 🤦

dada_databesi: user_id. Nalala zangu.