Siku tatu za kuvua: Nungwi, Pemba au Mafia?

Msafiri wa Dar: Habari zenu, wanajukwaa. Ninapanga kuipeleka familia yangu visiwani kwa siku tatu, na lengo langu kubwa ni kuvua kwa kujifurahisha. Nimebaki na machaguo matatu, yaani Nungwi kule Unguja, Pemba na Mafia, na Ijumaa ninatakiwa kutoa arbuni. Ni wapi penye samaki wakubwa?

Mpemba wa Wete: Ndugu yangu, hukutaja mwezi, hukutaja umri wa unaosafiri nao, wala hukusema kama unataka kukokota mshipi nyuma ya boti au kutia nanga mwambani na kuvua kwa mshipi wa mkono. Hata hivyo, mimi ninaipendekeza Pemba, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina kinachofikia mita 800 hivi, na kina hicho kinaanza karibu na kisiwa, hivyo jodari, nguru na sulisuli hupatikana bila safari ndefu ya baharini.

Binti Kilindoni: Kwa familia, chagueni Mafia. Ghuba ya Chole imekingwa, na changu na chewa wanatosha kumfurahisha mtu anayejifunza. Lakini fahamu kwamba sehemu kubwa ya bahari ya kusini mwa kisiwa ni hifadhi tangu 1995, na yako maeneo ya kiini ambamo kuvua kumekatazwa kabisa. Muulize mwenyeji wako juu ya kibali kabla hujatoa fedha.

Baba Zuhura: Kaka, kabla ya kisiwa, tazama chombo. Miaka michache iliyopita tulikodi boti ufukweni Nungwi, watu sita, na tulipotoka nje ya mwamba mashine ikazima. Nahodha alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikachubuka. Nanga ilikuwepo, ila kamba yake ilikuwa fupi na haikugusa chini, kwa hiyo mkondo ukaendelea kutuchukua. Jaketi za kujiokolea zilikuwa mbili tu, tukawavisha watoto, na simu zetu hazikuwa na mtandao. Tulikaa juani hadi alasiri, ndipo mashua ya wavuvi ilipotuona na kutufunga kamba. Tangu siku ile mimi huhesabu jaketi kabla ya kupanda, na huuliza iko wapi mashine ya akiba.

Msafiri wa Dar: Pole sana, Baba Zuhura. Ninaomba radhi kwa kuficha mambo: tunasafiri mwezi wa nane, na nitakuwa na mke wangu, mama mkwe na mwanangu wa miaka 9.

Mpemba wa Wete: Mwezi wa nane kusi bado inavuma, na pwani za mashariki huchafuka. Bado ninasema Pemba, ila upande wa magharibi, na mtoke alfajiri. Kama ungeweza kusubiri upepo wa matlai, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, bahari ingetulia. Chukueni pia waya mfupi wa kufunga kabla ya ndoana, kwani meno ya nguru hukata nailoni mara moja.

Binti Kilindoni: Mama mkwe na mkondo wa mita 800 katika kusi? Hapana, kaka. Na huyo sulisuli akipatikana, mrudisheni majini akiwa hai.

Mpemba wa Wete: Dada, kwetu samaki ni kitoweo. Kumchosha nusu saa kisha kumwachia si kumhurumia, kwa sababu wengine hufa baadaye.

Binti Kilindoni: Wapo pia wanaopona, hasa ndoana ikiwa imeshika pembeni mwa mdomo na samaki hakutolewa majini. Sulisuli ni wachache kuliko changu, na ndiyo sababu ninasisitiza.

Baba Zuhura: Tumrudieni mwenye mada. Je, mama mkwe anaweza kukaa chomboni kwa muda wa saa nne?

Msafiri wa Dar: Hajawahi kupanda boti ndogo. Nitamuuliza leo jioni, na arbuni nitaomba isogezwe hadi Jumatatu. Binti Kilindoni, je, Chole kuna anayekodisha boti yenye kivuli?