Tupeane uzoefu: siku timu ya taifa ilipokataa mahesabu yote

Mpiga Filimbi, Mwanza
Wakuu, kila mashindano makubwa yakikaribia redio zinajaa wachambuzi wa kugawa nafasi: huyu atafika robo fainali, huyu anaishia makundini, huyu hana lake. Jana nimemsikiliza mmoja mpaka nikazima. Alikuwa wapi Januari 2024, kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika? Ivory Coast walipigwa 4-0 na Equatorial Guinea, nyumbani kwao Abidjan, wakaachana na kocha Gasset katikati ya mashindano, na wiki tatu hazijatimia wakanyanyua kombe lilelile wakiwa na Emerse Faé.

Kila mtu alete mechi yake. Simba na Yanga wana nyuzi zao, hapa ni timu ya taifa tu.

Bint Mvomero
Zambia. San Pédro. Siongezi neno.

Fundi Redio
Dada niko na wewe. Dakika ya 88.

Wa Mpakani, Tunduma
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo dakika ya 88 imenitonesha.

Anayeijua Tunduma anajua tulivyo. Nakonde si safari, unavuka barabara. Dada yangu ameolewa huko, na shemeji ni Mnyamwanga kama sisi, tunachotofautiana ni kitambulisho. Usiku ule wa 21 Januari 2024 alivuka na wanawe wawili, wamevaa jezi za Chipolopolo, timu yao ya Zambia, tukakaa benchi moja kwenye kibanda umiza upande wetu. Tulikuwa tumewekeana mbuzi.

Dakika ya 11 Samatta anampa Msuva, bao. Kibanda kizima kilisimama, nikamkumbatia mtu nisiyemjua hadi leo. Dakika ya 44 Kabwe anakula nyekundu, Zambia wanabaki kumi. Wakati wa mapumziko hakuna aliyekwenda hata kununua maji. Sisi AFCON hatukuwahi kushinda mechi, tangu ile ya 1980 kule Nigeria. Pale tunaongoza, wenzetu pungufu, kipindi kizima mbele yetu. Wazee walikuwa wanatazama ile skrini macho yamewalowa.

Kipindi cha pili kikaenda hivyohivyo, roho mkononi. Dakika ya themanini na kitu, umeme ukakatika.

Giza. Kelele, matusi, mwenye kibanda anavuta kamba ya jenereta, haiwaki. Vijana wa mbele wakaanza kuimba, maana zimebaki dakika chache na wao wako kumi, nani atafunga? Mmoja anahangaika na simu atafute redio. Ndipo tukasikia.

Sauti ilitoka ng'ambo. Si ya baa moja, ni mji mzima wa Nakonde umepiga ukelele kwa mara moja. Kwao umeme ulikuwepo. Walioimba wakanyamaza katikati ya wimbo. Hatukuona bao, hatukusikia mtangazaji, lakini hapakuwa na mtu ambaye hakujua. Shemeji yangu hakushangilia. Wanawe walitaka kuinuka, akawashika mabega wakakaa. Nilikuwa bado najiambia labda ni ofsaidi, labda refa amekataa, mpaka yule wa simu akasema kwa sauti ya chini: Patson Daka, kichwa, kona ya Chama.

Kona ya Chama! Mtu tuliyemshangilia miaka na miaka hapa kwetu akiwa Simba.

Bint Mvomero
Kaka nimesisimka mwili mzima. Kulisikia bao kutoka nchi nyingine!

Dereva wa IT
Nimelala Tunduma mara nyingi sana na gari, hii stori naiona kwa macho. Ile barabara ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakwambia afya.

KasaraniGate, Nairobi
Pole sana ndugu. Lakini mbuzi alikwenda wapi?

Kijana wa Sinza
Nasi tunauliza. Mbuzi!

Wa Mpakani, Tunduma
Ilikuwa sare, mbuzi akabaki zizini. Amezaa tangu hapo.

Mhasibu wa Kigamboni
Naomba niwaonyeshe ile kona ilifanya nini, maana watu wanadhani ilituumiza sisi tu.

Kundi letu lilimalizika hivi: Morocco 7, DR Congo 3, Zambia 2, sisi 2. Tuseme tungeshikilia lile bao la Msuva na mengine yote yakabaki yalivyokuwa. Sisi tungekuwa na 4, nafasi ya pili, tumevuka. Congo wangeshuka nafasi ya tatu na pointi zao 3, mabao ya kufunga na kufungwa sawasawa. Sasa angalieni washindwa bora walioshika nafasi ya tatu: Guinea 4, Namibia 4, Mauritania 3 na deni la bao moja, Ivory Coast 3 na deni la mabao matatu. Wanaopita ni wanne. Congo wangeingia juu ya Mauritania, na wa kutupwa nje ni Ivory Coast. Bingwa! Kona moja San Pédro imewapa kombe watu ambao siku hiyo hata hawakuwa uwanjani.

Mpiga Filimbi, Mwanza
Subiri kwanza, nihesabu mwenyewe.

Mpiga Filimbi, Mwanza
Nimehesabu. Ni kweli kabisa. Sijawahi kuliona hili.

Kijana wa Sinza
Mhasibu unatuchanganya. "Mengine yote yakibaki yalivyo" hayabaki! Tungekuwa na pointi 3 mkononi, ile mechi ya mwisho na Congo Korhogo isingechezwa vile. Congo wangetuvamia tangu dakika ya kwanza. Ile 0-0 ilikuwa ya watu wenye hesabu zao.

Mhasibu wa Kigamboni
Sijakataa. Lakini sisi tulihitaji kushinda ile mechi na bado ikaisha 0-0, kwa hiyo usiniambie kuhitaji kunaleta bao. Na usisahau wenyeji walikuwa wanaomba Morocco amfunge Zambia usiku uleule. Ziyech akafunga, 1-0, wakapona. Zambia wangepata hata sare tu, Ivory Coast kwisha.

Kijana wa Sinza
Hilo la Ziyech nalikubali. La Msuva bado.

Mwana Katanga, Lubumbashi
Bandugu, mnasema Congo kama vile sisi hatuko hapa. Niwaambie mambo ya upande wetu. Makundini tulitoka sare zote tatu. Misri 1-1, tukaenda matuta, na aliyepiga la mwisho ni kipa wetu, Lionel Mpasi, akaliweka ndani. Tukafika nusu fainali tumeshinda mechi moja tu ndani ya dakika tisini, ile ya Guinea, 3-1. Mchambuzi gani alisema hivyo kabla?

Lakini mimi nakumbuka wimbo wa taifa pale Abidjan kuliko bao lolote. Wachezaji wote wameziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Ilikuwa kwa ajili ya watu wetu wa mashariki, wanaouawa na dunia imenyamaza. Bao la Haller wa Ivory Coast likatutoa, 1-0. Mama yangu hajui mpira hata kidogo, lakini kwa ile dakika ya wimbo alilia. Mimi siiti ile kushindwa.

Bint Mvomero
Ile picha sitaisahau. Mungu awalinde watu wa Goma na Bukavu.

Mtoto wa Ng'ambo, yuko Muscat
Machakos, Desemba 2017, fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati. Zanzibar Heroes, timu ambayo CAF, shirikisho la soka Afrika, waliipa uanachama mwezi Machi wakaunyang'anya mwezi Julai mwaka huohuo. Tukawafunga Bara 2-1, tukamtoa Uganda nusu fainali, tukasawazisha mara mbili fainali mbele ya Wakenya kwao, 2-2. Matuta. Kipa wao Matasi akadaka. Hapa Muscat tulikuwa tumejazana sebuleni kwa ami yangu, watu wazima wenye ndevu nyeupe, na hapana aliyesema kitu mpaka chai ikapoa. Tulisononeka lakini tulijiona tuna nchi ya mpira, na hilo hatunyang'anywi.

Fundi Redio
Na kocha alikuwa Hemed Morocco, ndiye huyohuyo aliyepewa Taifa Stars katikati ya AFCON ya Januari 2024.

KasaraniGate, Nairobi
Zanzibar, pole, lakini mlicheza mpira safi sana ile siku. Nilikuwa Machakos.

Yangu ni ya CHAN, ile AFCON ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025. Kundi letu kila mtu alituambia ni kundi la kifo. Congo bingwa mara mbili, Morocco bingwa mara mbili, Angola, Zambia. Tunamaliza wa kwanza! Congo tumemlaza 1-0, Morocco 1-0 bao la Ogam, na kipindi chote cha pili tukiwa kumi uwanjani. Watu wazima walikuwa wanakumbatiana na mapolisi. Halafu robo fainali tunapewa Madagascar. Wueh. Kila mtu Nairobi alishafika nusu fainali kwa mdomo. Omija anafunga mapema kipindi cha pili, wao wanasawazisha kwa penalti, matuta wanatutoa 4-3. Kutoka Kasarani hadi barabara kuu umati mzima ulitembea bila kelele, hata makanga hawakuitisha abiria kwa sauti.

Kijana wa Sinza
Madagascar hao sisi tuliwachapa 2-1 makundini, Mzize mawili. Mngetuuliza.

KasaraniGate, Nairobi
Na ninyi mlitolewa siku hiyohiyo, nyumbani kwenu, na Morocco ambao sisi tuliwafunga tukiwa kumi. Mngetuuliza.

Mhasibu wa Kigamboni
Msigombane, tazameni mlichoandika. Kenya kamfunga Morocco, Morocco kamfunga Tanzania, Tanzania kamfunga Madagascar, Madagascar kamtoa Kenya. Yote ndani ya mwezi mmoja. Nani hapo ni mkubwa wa nani?

Kijana wa Sinza
Morocco, maana ndiye aliyechukua kombe.

KasaraniGate, Nairobi
Baada ya kufungwa na sisi. Na kwa kuwa tumefika huko, Cairo 2019: mliongoza mara mbili, mkalala 3-2. Olunga mawili.

Kijana wa Sinza
Hiyo nilijua italetwa. Wakenya mnaishi kwa hiyo mechi.

Mwana Katanga, Lubumbashi
Madagascar msiwadharau. AFCON ya 2019, ya kwanza maishani mwao, walimfunga Nigeria 2-0, kisha wakatutoa sisi kwa matuta.

Mama Tausi, Kampala
Mmepita Uganda kimya kimya. Desemba 2025, AFCON kule Morocco, sisi na Tanzania. Msuva penalti, Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80. Mwishoni kabisa tunapata penalti yetu. Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti. Okello akapaisha. 1-1. Nyumba nzima ilikaa kimya na majirani wetu Watanzania tukawasikia ukutani.

Mhasibu wa Kigamboni
Mama Tausi, ile penalti ikiingia sisi tunabaki na pointi moja na hadithi yetu inaishia hapo. Mwaka 2024 pointi 2 zilitupandisha ndege ya kurudi nyumbani. 2025 pointi 2 hizohizo zikatuvusha makundi kwa mara ya kwanza katika historia. Tulilingana na Angola pointi, tukalingana na deni la bao moja, tukawazidi kwa mabao ya kufunga, matatu kwa mawili. Kwa hiyo lile bao la M'Mombwa siku tuliyofungwa na Nigeria 2-1, ambalo watu walisema la kufutia machozi, ndilo lililotuvusha. Tena bado hatujashinda mechi ya AFCON hata moja!

Bint Mvomero
Ndiyo maana mimi sizimi televisheni hata tukifungwa tano.

Dereva wa IT
Mimi nazima. Ushauri wangu kwa wote: sikiliza redio. Redioni kila mpira unaonekana hatari, bao likiingia moyo umeshazoea.

Fundi Redio
Redio ndiyo inaua watu wa presha, mkuu. Kaa uone kwa macho. Na usiweke mkeka wa kubeti kwenye timu ya taifa lako, hata kwa shilingi mia tano. Ukichanika unalia mara mbili.

Mama Tausi, Kampala
Mimi nasema usitazame na mashemeji.

Wa Mpakani, Tunduma
Hapana dada, mimi nasema tazama nao. Ningekuwa na watu wa kwetu peke yetu kwenye lile giza, ingetoka ngumi.

Mtoto wa Ng'ambo, yuko Muscat
Na msiikatie tamaa timu kwa mechi ya kwanza. Kombe la Dunia Qatar 2022, Saudia walipomfunga Argentina 2-1, mfalme wao alitangaza siku ya mapumziko, na huku Ghuba tulishangilia kama wetu. Saudia wakaishia makundini. Argentina wakarudi na kombe.

Kijana wa Sinza
Hivyo AFCON ya 2027 tunaandaa sisi, Kenya na Uganda, tuseme nini?

KasaraniGate, Nairobi
Sema Kenya bingwa.

Kijana wa Sinza
Lala salama.

Babu Lulu, Tabora
Wajukuu, nimesoma yote mpaka hapa na hakuna aliyemtaja Peter Tino. Mnazungumza Zambia na Zambia, lakini mlianzia mwisho. Mwaka 1979 tuliwafunga hao hapa Dar es Salaam 1-0, tukawafuata Ndola. Wakati ule Zambia ilikuwa kubwa, kwao hawakuguswa, na hata sisi wenyewe tulijua tunakwenda kuaga. Tulikuwa kikosi kizima cha wafanyakazi tumezunguka redio moja, sauti inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Tino akafunga. 1-1. Tukaenda Lagos, AFCON yetu ya kwanza, na ilituchukua miaka 39 kurudi. Nilimbeba mwenzangu mgongoni kutoka karakana mpaka stesheni.

Mpiga Filimbi, Mwanza
Mzee shikamoo. Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Tuletee na ya Lagos.

Babu Lulu, Tabora
Marahaba. Kesho mjukuu anayenichapia akitoka shule nitawaletea. Tulifungwa na Nigeria 3-1 ile ya ufunguzi, Misri wakatufunga 2-1, lakini na Ivory Coast tulitoka 1-1.

Kijana wa Sinza
Ivory Coast tena!