Goti la Kaka, tujibuni jamani

Jumapili

Dada Mkubwa 18:04: Habari za jioni. Leo nimemkuta Kaka anashuka ngazi kinyumenyume, kashika ukuta. Wiki ya 3 hii. Nimemwekea miadi ya fiziotherapia Alhamisi saa 4 asubuhi. Nani anamsindikiza? Mimi niko zamu.

Dada Mkubwa 18:20: Naona mmesoma.

Kaka 18:31: Dada, ni goti tu. Nikilipumzisha mwezi litatulia.

Dada Mkubwa 18:33: Si ulilipumzisha? Ukarudi siku ya kwanza na kukimbia kilomita 10! Ukikaa tu paja linanyong'onyea, mzigo mwingi unaishia kwenye pia ya goti. Langu liliponisumbua niliambiwa nipunguze, nisiache. Maumivu 3 kwa 10 kwenye zoezi yanavumilika, mradi kesho yake yawe yametulia.

Kitinda 18:34: 3 kwa 10 ndizo alama zangu za hesabu 😂

Binamu 18:34: 😂😂 afadhali wewe ulizipata

Dada Mkubwa 18:36: Alhamisi. Nani?

Mama Mdogo 21:12: Ndio nashika simu. Si apigwe eksirei kwanza? Isije kuwa gegedu, ile mito laini ya kwenye mifupa ya goti, limelika.

Dada Mkubwa 21:15: Mama Mdogo, wapo ambao picha zao zinatisha na wanatembea vizuri. Kwanza aonwe akichuchumaa, asimame mguu mmoja, wapime nguvu za paja na nyonga. Halijavimba, halina joto, halikwami. Lingekuwa linakwama au kulegea ghafla ningeshampeleka kwa daktari.

Kaka 21:19: Juzi lililegea kwenye ngazi. Mara moja tu.

Dada Mkubwa 21:19: Umesema???

Kitinda 21:20: Kumbe kinyumenyume si mtindo 😅

Dada Mkubwa 21:22: Nyamaza kidogo. Kaka, hilo ulitaje kabla hujaanzishiwa zoezi lolote. Mbona ulificha? Au ndiyo yale yale ya bega la Mama?

Kaka 21:24: Umeanza. Unajua nilikuwa safarini.

Dada Mkubwa 21:24: Siku zote 9?

Binamu 21:25: Jamani tusirudi huko

Bibi 21:40: Nimesomewa yote. Babu yenu naye alisema ni goti tu. Mjukuu wangu, Alhamisi utakwenda. Na bega la mama yenu lisitajwe tena humu.

Kaka 22:03: Nimesikia, Bibi.

Jumatatu

Mjomba 06:50: Mimi nitamfikisha. Kumrudisha sitaweza.

Dada Mkubwa 06:52: Ahsante Mjomba. Wa kumrudisha? Na mazoezi ya nyumbani nani atamsimamia? Ni wiki 6 hadi 12, si Alhamisi moja.

Kitinda 07:30: Kuhesabu nitahesabu mimi.

Dada Mkubwa 07:31: Na umzuie asikimbie akijisikia nafuu. Hapo ndipo alipoharibu mara ya kwanza. Wa kumrudisha bado.

Binamu 11:48: 👍

Dada Mkubwa 11:49: Binamu, hicho kidole ni cha kumrudisha?