Taasisi ya Saratani ya Uganda: ni mahali pa tiba au pa utafiti?

MwanaZiwa, Mwanza

Salaam, ndugu zangu. Mwaka jana mpwa wangu wa miaka sita alivimba shavu la kushoto. Katika hospitali ya kwanza tuliambiwa ni jino, likang'olewa. Wiki mbili baadaye likang'olewa la pili, huku uvimbe ukizidi hata jicho likaanza kusukumwa nje. Ni hospitali ya rufaa ndiyo iliyokata kinyama ikatuambia kuwa ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Namshukuru Mungu, alitundikiwa dripu za dawa na uvimbe ukanywea kabisa. Daktari alitueleza kwamba mengi yanayojulikana kuhusu ugonjwa huu yalipatikana Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago. Naomba anayeifahamu anieleze ilianzaje, na kama kazi yake hasa ni kutibu au ni kutafiti. Vilevile, kwa nini ugonjwa unaowapata watoto wetu umepewa jina la Mzungu?

Mwalimu wa Baiolojia, Kisumu

Poleni sana kwa kuuguza, na hongereni kwa mtoto kupona. Nianze na hilo jina. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa wodini kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, jambo ambalo hakuwa amelikuta kabla. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, ameketi na mama yake kwenye nyasi. Alitoka akampima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Wataalamu wa maabara wa Chuo Kikuu cha Makerere ndio waliothibitisha kwa darubini kuwa ni saratani ya mfumo wa limfu.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuona watoto wa aina hiyo. Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, yaani maeneo ya malaria; nyanda za juu zenye baridi zilikuwa karibu tupu. Mimi nikiwafundisha wanafunzi wangu somo hili huwaambia waangalie kwanza ramani hiyo, kwa sababu swali zuri la sayansi lilipatikana kwa kuuliza watu tu, bila mashine yoyote.

Mwaka huohuo Burkitt alihutubia London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, ambaye aliomba apelekewe vinyama kutoka Kampala kwa ndege. Mzigo mmoja ulichelewa kwa sababu ya ukungu, ukafika maji yaliyobeba vinyama yakiwa na uchafu kama yameoza. Walipoyatazama waliona kuwa ule uchafu ulikuwa chembe hai za saratani zinazoelea, nao wakaziotesha. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani ya chembe hizo kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watu wazima wengi mno duniani wanacho bila kuumwa. Kinachoaminika ni kwamba malaria ya kujirudiarudia utotoni hudhoofisha kinga inayokizuia.

Muuguzi Mstaafu, Kampala

Mwalimu ameeleza vizuri asili ya ugonjwa, nami nitaeleza kuhusu nyumba yenyewe. Taasisi ilizaliwa mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na daktari wake mkuu wa kwanza alikuwa John Ziegler. Miaka miwili baadaye kiliongezwa kituo cha uvimbe wa aina nyingine, ikiwemo saratani ya ini na sarkoma ya Kaposi, saratani inayotokea hasa kwenye ngozi. Swali lako, mwanangu, la tiba au utafiti halikuwa na nafasi pale, kwa sababu hakuna aliyejua kipimo sahihi cha dawa wala ni dawa zipi zichanganywe, hivyo kila mtoto aliyetibiwa alikuwa pia jibu la swali. Lakini jibu hilo halikamiliki siku mtoto anaporuhusiwa. Uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu saratani zote, nao unaweza kunywea kwa siku chache kisha ukarudi. Kwa hiyo wahudumu walifunga safari hadi vijijini, wakiuliza njia kwa majirani, wajue kama mtoto yu hai na anacheza. Mgonjwa asiyejulikana aliko ni mgonjwa ambaye huwezi kusema umemponya.

Baada ya mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Wamarekani waliondoka, na Dkt. Charles Olweny na wenzake wakaiendeleza kazi. Naona watu hawa hawatajwi inavyostahili. Katika miaka hiyohiyo watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kuwafuatilia, wakaonyesha kwamba wenye kingamwili nyingi (kinga ambazo mwili hutengeneza) dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Tangu 2004 Taasisi inashirikiana na kituo cha saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, na jengo lao la pamoja lilifunguliwa mwaka 2015.

Mfuatiliaji, Nairobi

Naongeza jambo moja lenye uchungu. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda ya kutibu saratani kwa mionzi iliharibika, na mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Katika muda huo Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400, lakini wengi hawakuwa na uwezo wa kusafiri popote. Nchi iliyoifundisha dunia kutibu limfoma ya watoto haikuwa na mashine ya akiba kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Tunapohesabu vinyama vilivyopanda ndege kwenda London, tuhesabu pia kilichorudi.

MwanaZiwa, Mwanza

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mama Muuguzi. Tuliambiwa mtoto arudi kliniki kila mwezi, na baba yake amekuwa akisema ni kupoteza nauli kwa kuwa mtoto amepona, anacheza mpira. Nimemsomea maneno yako jioni hii. Jumanne tunakwenda naye, mimi na baba yake.