Shule ya kale ya Bagamoyo: kwa nini bado tunaiita "ya Mjerumani"?

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa shule ya kale ya Bagamoyo, hakosekani wa kusema "ile aliyojenga Mjerumani". Mimi napinga, tena kwa nguvu zote. Jengo lile lilitoka mfukoni mwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia aliyezaliwa mwaka 1851. Mwaka 1892 alimkabidhi von Soden, gavana wa Kijerumani, jengo la ghorofa liwe shule ya watoto wa rangi zote na dini zote. Mjerumani alikabidhiwa tu.

Kinachoniuma ni hilo la rangi zote kusahauliwa. Alipokuja Mwingereza, shule zikagawanywa: za Waafrika, za Waasia, za Wazungu. Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1962, baada ya uhuru. Yaani miaka 70 baada ya mtu kulitaka jambo hilo hilo pale Bagamoyo!

Wapo wanaosema Sewa Haji hastahili sifa, kwa kuwa mali yake ilitokana na misafara ya pembe za ndovu. Hoja hii siipuuzi hata kidogo. Ni kweli aliuza bidhaa za misafara na kuwatafutia wenye misafara wapagazi. Stanley mwenyewe, alipojiandaa kumfuata Livingstone mwaka 1871, alipata wapagazi kupitia kwake, Sewa Haji akiwa kijana wa miaka 20. Sasa mfikirieni Mnyamwezi mmoja kwenye msafara: bega limeota sugu, frasila mbili za pembe juu yake, kama kilo 32, na njia ni kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Jasho la huyo limo ndani ya kuta zile sawa na fedha za tajiri.

Lakini tukimfuta Sewa Haji kwa sababu hiyo, sifa inamwendea nani? Inamrudia yule yule Mjerumani, ambaye naye mizigo yake ilibebwa na wapagazi hao hao.

Mimi nataka kibao pale, kwa Kiswahili kwanza: jina la Sewa Haji, alichotaka shule ile iwe, na chini yake wapagazi watajwe kama wachangiaji. Maandishi ya lugha za watalii yafuate baadaye.

Wenye wazee waliosoma pale, walikuwa wanaiitaje? Na anayetaka jina la Mjerumani libaki, aje na sababu zake tuzipime.