Soko la Darajani na la Pemba: niende saa ngapi, niangalie nini?

Mgeni wa Moro
Assalaam alaykum wana Unguja na Pemba. Wiki ijayo nashuka Unguja siku mbili, kisha Pemba siku moja. Nataka kuzunguka masoko wanakonunua wenyeji, sio maduka ya vinyago. Nifike saa ngapi? Mnadani samaki hununuliwaje? Na karafuu na zafarani nzuri nitazijuaje?

Mtende Mrefu
Waalaykumu ssalaam, karibu. Darajani, lile jengo la tangu 1904, fika saa moja asubuhi. Mnadi hauzi kwa kilo, anauza fungu zima au samaki mzima. Ukitaja bei na hakuna aliyekuzidi, mzigo ni wako, kwa hiyo usitaje kwa mzaha. Anayetaka samaki mmoja wa mchuzi asubiri pembeni. Wachuuzi wakishanunua huyagawa mafungu madogo papo hapo.

Angalia mwezi kabla hujaamua unataka kula nini. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hukupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na pweza huwa wengi. Dagaa ni kinyume: huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, kwa hiyo mwezi mpevu dagaa wabichi huadimika. Samaki wa jana utamjua kwa jicho lililodidimia na matamvua yaliyogeuka kahawia. Bonyeza mgongoni, shimo likibaki, mwache.

Njoo na kikapu, mifuko ya plastiki huku ni marufuku.

Bi Mkarafuu
Mwanangu, viungo usinunue vya unga. Unga unaficha mengi. Karafuu ichukue nzima, yenye kichwa chake. Ivunje: iliyokauka sawasawa hukatika kau, mbichi hujipinda, na hiyo ukiifungia mkobani itaota ukungu. Bonyeza kichwa kwa ukucha, mafuta yatoke. Ukiwa na shaka itie katika glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala. Angalia pia makonyo, vile vijiti vya kikonyo. Yakiwa mengi unalipia uzito wa kijiti.

Zafarani haioti Unguja, kwa hiyo anayekwambia ni ya shambani kwake anakuchezea. Na ile ya rangi ya chungwa inayouzwa rahisi kwa vipakti siyo yenyewe. Tia nyuzi mbili katika maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa umanjano polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu, bandia hupaka maji rangi papo hapo, uzi ukapauka. Vanila izungushe kidoleni. Ikikatika imekauka kupita kiasi.

Mgeni wa Moro
Shukran sana Bi. Karafuu naweza kuchukua gunia dogo nikauze huku bara?

Bi Mkarafuu
La, usijaribu. Karafuu ya mkulima mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na magendo ya karafuu si jambo la kuchezea. Chukua ya kupikia pilau, dukani, basi.

Mpemba wa Wete
Huku Pemba masoko ni madogo, saa moja inakutosha: Chake, Wete, na Konde ukipata nafasi. Msimu ukikukuta utaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Usizikanyage, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Cha kubeba ni halua. Ibonyeze kwa kidole: nzuri huvutika ikarudi, na huisikii chembe ya sukari mdomoni. Inusie pia, samli ikiwa imechacha utaijua hapo hapo. Omba ile ya kwenye kikapu cha ukili, inasafiri vizuri kuliko ya kopo. Usiitie kwenye friji, itakuwa jiwe.

Mtende Mrefu
Nyongeza moja: ukiulizia mchele au kunde unaweza kutajiwa pishi au kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne. Hakikisha mnazungumza kipimo kimoja kabla hujaanza kupunguziana bei, maana ugomvi mwingi wa sokoni huanzia hapo.